Kocha Hapikwi kwa Siku Tatu

SEHEMU YA 1: Nafasi kumi zisizoisha

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi baba vijana mnaosoma kwenye simu ya mke mkidhani hatujui, nawaandikia kutoka Kang'ata. Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea tangazo linalozunguka kwenye magrupu yetu tangu mahindi yaanze kuuzwa: kuwa Kocha wa Uongozi, siku tatu tu, cheti cha kimataifa, nafasi kumi zimebaki. Nafasi hizo zimebaki kumi kwa miezi miwili sasa. Haziishi.

Nitaandika kwa sehemu saba maana jambo lenyewe ni refu. Someni mkipata nafasi, mtoto akilala.

Msimamo wangu nauweka wazi hapa hapa ili mtu asije akanilisha maneno. Ukocha wa uongozi ni kazi ya kweli, tena nzuri. Nimeusomea mwenyewe na darasa nimemaliza. Lakini kocha hatengenezwi na cheti. Anatengenezwa na saa alizokaa na watu wanaohangaika na jambo halisi, huku yupo mzoefu anayemsahihisha. Anayekuuzia cheti bila saa hizo anakuuzia karatasi. Na mkubwa anayetuletea semina bila kufuatilia kinachotokea wodini, naye anatugawia karatasi. Hao wawili nawaweka kwenye mzani mmoja.

Mtauliza, nesi yanamhusu nini? Yananihusu kwa sababu naona hela hiyo inakotoka. Mama anakuja kliniki, mtoto uzito umesimama miezi miwili. Tunakaa chini tunaongea. "Nesi, kwa sasa tumebanwa, kuna rejesho." Rejesho la nini? La mkopo wa kausha damu. Mkopo ulikuwa wa nini? Ada ya kozi ya ukocha, laki mbili na nusu. Cheti anacho, kina muhuri wa rangi ya dhahabu, amekifunga kwenye nailoni kisiliwe na mende. Mteja hana hata mmoja. Rejesho liko kila Ijumaa.

Simtaji huyo mama, na hayuko peke yake. Kadi ya kliniki haina sehemu ya kuandika "ada ya kozi," lakini ule mstari wa uzito unaokataa kupanda unaandika wenyewe.

SEHEMU YA 2: Kocha ni nani hasa?

Huku kwetu ukisema kocha, mtu anafikiria mpira. Si vibaya, maana ukocha huu wa uongozi kweli ulitokea uwanjani. Neno lenyewe lina safari ndefu: lilianzia kijiji cha Kocs nchini Hungaria, walikokuwa wakitengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Gari linamchukua mtu linampeleka anakotaka kwenda yeye. Shikeni hapo, tutaparudia.

Mwaka 1974 Mmarekani mmoja, Timothy Gallwey, aliandika kitabu kuhusu kufundisha tenisi. Hoja yake ilikuwa kwamba mchezaji anazuiwa zaidi na kelele za kichwani mwake kuliko na mpinzani, na kwamba mwalimu akipunguza amri na kuongeza maswali, mchezaji anajirekebisha mwenyewe. Watu wa maofisini wakaidaka hoja hiyo. Mwaka 1992 Mwingereza John Whitmore, aliyekuwa dereva wa mashindano ya magari, akatoa kitabu kilichoeneza utaratibu wa maswali manne ambao makocha wengi wanautumia hadi leo.

Maswali yenyewe ni haya, nawapa bure:

1. Unataka nini?
2. Sasa hivi hali ikoje?
3. Kuna njia zipi?
4. Utafanya ipi, na lini?

Basi. Kwa maswali manne haya kuna watu wamelipa laki mbili na nusu.

Tuone yanavyofanya kazi. Mwenyekiti wa kikoba amekuja kwangu analalamika: wanachama hawarejeshi. Ningekuwa mshauri ningemwambia, "Weka faini." Ningekuwa mhamasishaji ningemwambia, "Wewe ni jasiri, amka!" Kocha hasemi hivyo. Anauliza, "Dada, unataka nini hasa?" Anajibu, "Nataka warejeshe." "Hali ikoje sasa?" Anaanza kuhesabu kwa vidole. Kumbe kati ya watu 20 wasiorejesha ni wanne, na watatu kati yao ni ndugu zake. Ananyamaza. Kocha naye ananyamaza. Hapo ndipo penye kazi, mama zangu, kwenye kile kimya, na ndipo asiyezoea anaposhindwa kuvumilia akaanza kutoa ushauri. Dakika mbili baadaye mwenyekiti anasema mwenyewe: "Shida si kikoba. Naogopa kumdai wifi yangu."

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Faini isingemfikisha huko, wala makofi ya ukumbini.

Kwa hiyo kocha wa uongozi si mhubiri, si mtoa motisha, na si mtu wa kukusimulia alivyotoka kwenye umaskini akanunua gari. Anamsaidia mwenye jukumu, awe mwenyekiti wa kikoba, mwalimu mkuu, mganga mfawidhi au mama mwenye kibanda na wasaidizi wawili, aone wazi, aamue mwenyewe, kisha aulizwe wiki ijayo kama alifanya. Lile gari la Kocs: safari ni ya abiria.

Maswali unayakariri kwa dakika tano. Kujua lini uulize na lini unyamaze ndiko kunakochukua saa.

SEHEMU YA 3: Hesabu ya saa

Tukichanja mtoto tunahesabu tarehe. Tukitoa dawa tunahesabu vidonge. Basi na ukocha tuuhesabu.

Lipo Shirikisho la Kimataifa la Makocha, linaloitwa ICF, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995. Si serikali, ni chama cha watu wa kazi hiyo, lakini ndicho kinachotajwa sana na hawa wauza vyeti. Basi tusome chenyewe kinadai nini. Ngazi yake ya chini kabisa, ACC, inadai saa 60 za mafunzo, saa 100 za kufanya ukocha na watu halisi wasiopungua 8, na saa 10 za kusimamiwa na kocha mzoefu kwa muda usiopungua miezi mitatu. Halafu kuna mtihani. Ngazi inayofuata, PCC, inadai saa 125 za mafunzo na saa 500 za kazi. Ya juu kabisa, MCC, saa 200 za mafunzo na saa 2,500 za kazi.

Haya, chukueni kalamu. Siku tatu, tuseme kila siku saa nane, chai na picha zikiwemo. Hizo ni saa 24, ambazo hazifiki hata nusu ya saa za darasa za ngazi ya chini. Saa za kukaa na mtu halisi ni sifuri. Saa za kusimamiwa ni sifuri. Halafu cheti kinaandikwa "kimataifa."

Na hizo saa 100 ni nyingi kuliko zinavyosikika. Ukikaa na watu wawili kwa wiki, saa moja moja, unahitaji wiki 50. Karibu mwaka mzima.

Mimi mwenyewe? Darasa nilisoma kwa simu, usiku, baada ya zamu, miezi tisa. Mtandao ukisumbua natoka nje nasimama pale penye kichuguu. Nimemaliza saa zote za darasa na cheti cha kumaliza ninacho. Saa zangu za kufanya kazi na watu, mpaka Jumapili iliyopita, ni 41. Kwa hiyo mkiniuliza mimi ni nani, nawaambia ni muuguzi mwenye leseni, aliyemaliza mafunzo ya ukocha, na bado anahesabu saa. Kuhesabu saa sioni haya. Haya ningeona kama ningejiita nilivyo sivyo.

Fikirieni uuguzi. Stashahada ni miaka mitatu, na mwanafunzi anashinda wodini chini ya jicho la mtu. Akimaliza hagusi mgonjwa peke yake mpaka Baraza la Uuguzi na Ukunga limsajili na kumpa leseni, na leseni inahuishwa. Ukisikia mtu amesomea ukunga siku tatu, utamruhusu amzalishe mdogo wako? Utapiga kelele mpaka Handeni mjini wasikie. Neno muuguzi lina sheria inayolilinda. Neno kocha halina, kila mtu anaweza kulichora kwenye fulana. Ndiyo maana macho inabidi yawe yako wewe mnunuzi.

SEHEMU YA 4: Haydom walishatufundisha

Sasa kuna atakayesema, "Nesi, hizo saa ni urasimu wa wazungu. Mtu mwenye kipaji akipata mafunzo kidogo anatosha." Namjibu kwa habari ya hapa hapa Tanzania, tena ya leba.

Hospitali ya Haydom iko Mbulu, mkoani Manyara. Mwaka 2010 wahudumu wake walipewa mafunzo ya siku moja ya programu ya Helping Babies Breathe, ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Wanafanya mazoezi kwa mdoli na mfuko wa kupumulisha. Walipopimwa tena kwenye mdoli miezi kadhaa baadaye, waliofaulu zoezi la kumwokoa mtoto walikuwa wamepanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Mngekuwepo mngepiga vigelegele. Ingekuwa semina ya kawaida, habari ingeishia hapo: vyeti, picha ya pamoja, kwaheri.

Lakini watafiti wale hawakuishia hapo. Walikaa leba wakaangalia wahudumu wanawafanyia nini watoto halisi. Wakakuta huduma haijabadilika. Kwenye mdoli wamefaulu, leba iko vile vile.

Ikabidi wabadilishe namna. Mazoezi yakaletwa leba kwenyewe: mafupi, dakika tatu hadi tano, kila wiki, watu wa zamu wakifanya pamoja na kukosoana. Hakuna hoteli, hakuna safari. Vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hospitali ile ile, watu wale wale, somo lile lile. Kilichobadilika ni kwamba somo lilihamia kazini na likarudiwa.

Wazo hilo likakua. Mradi wa Safer Births ukaupeleka utaratibu huo kwenye vituo 30 katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Kila kituo kikawa na wahudumu wake wa ndani waliopewa jukumu la kusimamia mazoezi, kuangalia takwimu za kituo na kuzungumza na wenzao kuhusu kinachokwama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na muda mfupi baada ya hapo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000.

Niulizeni, hao wahudumu wa ndani ni nani? Mimi nawaita makocha wa uongozi. Hawakuvaa suti. Walikuwa na kitenge na kandambili za leba. Walimuuliza mwenzao, "Jana usiku kilitokea nini, na zamu ijayo tufanyeje?" Hilo ni swali la pili na la nne kwenye yale manne niliyowapa. Na walikuwepo tena wiki iliyofuata kusikia jibu.

Nisiwadanganye kwamba ukocha ni dawa ya kila kitu, maana ningekuwa nauza kama wenzangu. Nchini India, jimbo la Uttar Pradesh, kati ya 2014 na 2016 ulifanyika utafiti mkubwa kwenye vituo 120. Nusu yake vilitembelewa na makocha, ziara 43 kwa miezi minane, kuwasaidia wakunga kufuata hatua muhimu za kuzalisha salama. Baada ya miezi miwili, vituo vyenye kocha vilikuwa vinafanya karibu asilimia 73 ya hatua hizo, vile vingine asilimia 42. Ilipofika mwezi wa 12, makocha wakiwa wameshaondoka, vyenye kocha vikawa vimeshuka hadi karibu asilimia 62. Na vifo havikupungua kuliko vituo visivyo na kocha.

Hapo nachota mawili. Kocha akiondoka, kazi inaanza kurudi nyuma. Na kocha si damu, si dawa, si chumba cha upasuaji, si gari la wagonjwa. Mama anayetokwa damu hahitaji mtu wa kumuuliza anataka nini.

SEHEMU YA 5: Hii ni ya wakubwa

Sehemu hii wekeni kwenye grupu lolote lenye mtu wa halmashauri au wa mradi. Naandika kwa heshima, lakini naandika.

Nchi hii haijakosa mahali pa kufundishia uongozi. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961. Taasisi ya Uongozi ilianzishwa mwaka 2010 kwa ajili ya viongozi wa ngazi za juu. Kibaha kuna Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyozinduliwa mwaka 2022. Sina neno nazo. Neno langu ni kuhusu uongozi wa huku chini, unaoamua saa nane usiku kama bodaboda iitwe sasa au tusubiri kidogo. Huo nani anaufundisha?

Unafundishwa kwa semina. Tunaitwa mjini siku mbili. Zahanati inabaki na mtu mmoja, na mama aliyetembea kutoka kitongoji cha mbali anakuta foleni imezunguka mwembe. Huko ukumbini kuna maji ya chupa, kuna slaidi, kuna "kiongozi bora ana sifa kumi na mbili." Tunasaini posho, tunapiga picha, tunarudi. Anayefuata mwezi mmoja baadaye kuuliza, "Ile sifa ya saba imefanya nini kwenye zamu yako?" hayupo. Hajawahi kuwepo.

Kosa si la posho. Posho ni nauli na chakula, na sisi mishahara mnaijua. Kosa ni kuhesabu semina kama matokeo. Ripoti inaandika "wahudumu 40 wamejengewa uwezo." Umepimwaje huo uwezo? Kwa sahihi ya mahudhurio. Haydom wametuonyesha kwamba hata mtihani wa mdoli hautoshi, sembuse sahihi.

Ninachodai ni vitu vitatu.

Kwanza, saa moja kwa wiki ndani ya ratiba ya zamu, hapo hapo kituoni, ya kukaa na kuulizana. Ikiandikwa kwenye ratiba itafanyika. Ikiachwa kwa hiari itaishia kwenye chai.

Pili, kocha atoke kwenye vituo vyenyewe. Muuguzi wa Kang'ata akae na wa kata ya jirani, wa kituo cha afya akae na wa zahanati, wa Korogwe aje Handeni na wa Handeni aende Korogwe. Na arudi. Arudi mwezi ujao, arudi baada ya miezi sita. Kocha asiyerudi ni mgeni tu.

Tatu, mtupime kwa mama na mtoto. Mama aliyefika na dalili za hatari alisubiri dakika ngapi kabla hajapewa rufaa? Mtoto aliyezaliwa kimya alipumulishwa ndani ya dakika ya kwanza au ya tano? Hayo yakibadilika, mafunzo yamefanya kazi. Yasipobadilika, hata tukitundika vyeti ukuta mzima, mama haoni tofauti.

Na msije mkaleta kocha mahali tulipoomba glavu. Tuleteeni vyote viwili, au mseme ukweli kwamba hela haipo.

SEHEMU YA 6: Wanaonijibu kwenye inboksi

Tangu niweke sehemu ya kwanza meseji zimejaa. Nitajibu nne zinazojirudia.

"Nesi, wewe umeshapata, sasa unawafungia wenzako mlango." Mlango siufungi. Naonyesha ulipo mlango wenyewe, maana mmeonyeshwa dirisha lililochorwa ukutani. Anayetaka kuwa kocha aje tukae, nimweleze nilivyosoma, saa ngapi, shilingi ngapi, na magumu yake. Sidai hela.

"Cheti ni mtaji, kazi zitakuja." Mtaji ni kitu kinachozaa. Cherehani inazaa. Kuku anazaa. Cheti cha ukocha kinazaa pale tu mtu aliyekaa na wewe saa moja akimwambia mwenzake, "Nenda kwa yule dada, alinisaidia." Mteja wa kocha analetwa na mteja mwingine. Sasa wewe humjui hata mmoja uliyemsaidia, nani atakuleta? Kazi pekee inayokuja haraka baada ya kozi hizi ni kuandikisha watu wengine kwenye kozi ile ile. Mkiona hivyo, jina lake mnalijua.

"Lakini wanasema mama ni kiongozi wa kwanza, sisi tayari ni makocha." Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu ni sifa tamu yenye ndoano ndani. Wanakusifu asubuhi ili ulipe jioni. Kulea watoto wanne na kuteka maji na kupalilia ni kazi kubwa, na inakufundisha mengi. Lakini kumlea mwanao si sawa na kumkoch mtu mzima. Mwanao unamwamulia. Mtu mzima unajizuia kumwamulia, na kwa mama ndilo jambo gumu kuliko yote! Anayekwambia huna cha kujifunza anajua hana cha kukufundisha.

"Hela ni yangu, nesi." Kweli, ni yako. Kama ni akiba yako na nyumbani mnakula, tumia utakavyo, hata siku tatu za kusikiliza watu na kubadilisha mawazo zina raha yake. Ziite semina, nami nitakutakia safari njema. Ugomvi wangu ni pale hela inapokuwa ya kausha damu, au ya mahindi ambayo yangekula watoto mpaka msimu ujao, au inapochotwa kwenye ule mkopo wa halmashauri wa asilimia kumi. Mkopo ule hauna riba na umetengwa kwa vikundi: asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023 na tukaungojea zaidi ya mwaka mpaka ukarudi. Ni wa mradi wa kikundi. Kikundi kikimpeleka mwenyekiti kununua cheti, wanaolipa ni wote.

Na nyinyi mashemeji zangu mlioko kwenye mashimo ya dhahabu, msicheke. Mnaotumiwa tangazo la "uongozi wa kijana milionea" ni nyinyi. Tangazo ni lile lile, wamebadilisha picha tu.

SEHEMU YA 7: Kabla hujabonyeza "tuma"

Hii ndiyo ya mwisho. Pigeni picha ya skrini muiweke.

Mtu akikuuzia mafunzo ya ukocha, muulize haya kabla hujaweka namba ya siri:

1. Saa za darasa ni ngapi? Nataka namba.
2. Saa nitakazokaa na watu halisi ni ngapi, na nani ataziandika?
3. Nani atanisikiliza nikifanya na kunisahihisha, na kwa miezi mingapi?
4. Cheti kinatambuliwa na nani? Kama ni ICF, jina la kozi liko kwenye orodha yao? Kama unadai ni astashahada au stashahada ya chuo, mmesajiliwa NACTVET?
5. Naomba kuongea na watu watatu mliowafundisha mwaka jana. Wana wateja? Wanaishi kwa ukocha au kwa kuuza kozi?
6. Naomba dakika ishirini unifanyie ukocha mimi mwenyewe, sasa hivi, kwa simu.

La sita ndilo kali kuliko yote. Kocha wa kweli atafurahi. Atakuuliza unataka nini na atanyamaza asikilize. Muuza karatasi ataanza kukuambia kuhusu ofa inayoisha saa sita usiku.

Na kama ulitaka kozi hiyo kwa sababu unatafuta pa kuanzia maisha, basi tuzungumze habari hiyo, maana ndiyo yenyewe. Handeni tuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya watu wazima, na kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho wasichana walioacha shule, wakiwemo waliozaa, wamepata nafasi ya kurudi kusoma. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito arudi hata kwenye shule ya kawaida. Mwenye miaka 19 na mtoto mgongoni akamaliza sekondari au akajifunza ushonaji, amepata kitu ambacho hakihitaji kuhamasishwa kila asubuhi.

Kama bado moyo wako uko kwenye ukocha, nakuheshimu. Anza na maswali manne. Tafuta mtu mmoja mwenye jukumu: mwalimu, mwenyekiti wa kikoba, katibu wa maji. Kaa naye saa moja kila wiki bila kumpa ushauri. Andika tarehe na saa kwenye daftari la shilingi elfu moja. Ukifika saa kumi na bado unapenda, na yeye bado anakuja, umeshajua jambo ambalo mwenye cheti cha siku tatu halijui. Hapo ndipo utafute darasa, na ukilipa utajua unalipia nini.

Jumamosi baada ya kliniki, saa tisa, nitakuwa chini ya mwembe wa zahanati. Ni saa yangu ya 42. Nafasi ni moja, ya mama mwenye jukumu linalomuumiza kichwa na anayetaka kulifikiria kwa sauti. Bure. Aje na daftari, na mtoto akimleta si vibaya.